Ukijani Ndani ya Waya

Watu wa mtaa wetu wameamua kwamba mwenye duka la vifaa vya umeme ni tapeli, na aliyewaambia hivyo ni mimi. Niliwaambia mara moja tu, kwa maneno machache, nikiwa nimesimama barazani baada ya sala ya alasiri. Wakaamini papo hapo. Tangu siku hiyo nimewaambia mara tatu kwamba nilikosea, na mara zote tatu wamenitazama kama mzee aliyeanza kuchanganya mambo.

Nina hasira. Watakaosoma haya na wanaonijua watashangaa, kwa sababu miaka yote niliyofundisha madrasa wanafunzi walikuwa wakisema fimbo yangu imeliwa na mchwa kwa kukaa bila kazi. Nimemwomba Mola aniondolee hasira hii. Bado hajaniondolea, nami nimeanza kudhani ameniachia ili niifanyie kazi kabla haijapoa. Basi naandika.

Ufundi wangu si wa umeme. Baba yangu na ndugu zake walikuwa mafundi bati hapa Bagamoyo. Walitengeneza vibatari, zile taa za kopo na utambi, na mimi nilijua kulehemu kabla sijamaliza juzuu ya kwanza. Kazi ilikwenda hivi. Unachukua unyoya wa kuku, unauchovya kwenye maji makali ya asidi, unapaka pale bati linapokutana na bati. Moshi unakupanda puani mpaka machozi yanakutoka. Kisha unaishusha risasi iliyoyeyuka, nayo inakimbia kwenye mshono yenyewe. Bila yale maji makali risasi inakataa kushika, inabingirika tu. Mwisho kibatari kinazamishwa kwenye ndoo ya maji, unapuliza kwa juu, unatazama. Povu likitoka ujue kinavuja, kirudi motoni.

Umeme ulipoingia majumbani, vibatari vikaisha. Sikuhuzunika. Nayajua macho ya watoto waliosomea kwenye moshi ule. Lakini mikono yangu ilibaki bila kazi, na mikono iliyozoea kazi inasumbua ikikaa bure.

Aliyenipa kazi tena ni huyo huyo mwenye duka. Ni mtu wa bara, Mkristo, aliyehamia kwetu kutoka Lugoba na mkewe, na kwa umri ningeweza kumzaa. Kila asubuhi nikipita alikuwa akisimama kwanza ndipo aniamkie. Dukani kwake kuna balbu, swichi, soketi na mabunda ya waya, na kona moja ameweka anachokipenda mwenyewe: TV ya chogo na mashine ya gemu ya zamani, ile nyeusi inayomeza sahani. Siku moja aliniita.

"Maalim, njoo uone kitu. Dakika moja tu."

Alikuwa na nyaya mbili. Wa kwanza ndio ule unaokuja na mashine, wenye kichwa kimoja cha njano kwa ajili ya picha. Akanieleza kwamba rangi zote zinapita humo humo, nyekundu, kijani na buluu, kama watu watatu wanaosema kwa pamoja ndani ya bomba moja. TV inajitahidi kuwatenganisha, inashindwa, ndiyo maana picha ina ukungu na mistari inayotambaa. Waya wa pili aliutengeneza mwenyewe, kwa shida. Huo ulikuwa na njia tatu, kila rangi na njia yake, na kila njia imezungushiwa wavu wa shaba ili rangi moja isiingilie nyingine. Ulichomekwa kwenye lile tundu pana lililoko nyuma ya TV nyingi za mitumba za Ulaya, tundu ambalo watu wetu wengi hawajawahi kulitumia.

Alipouchomeka nilisogea bila kujijua. Ukungu uliondoka kama mtu aliyefuta kioo.

"Kiwandani siku hizi wanatengeneza nyembamba, hazina wavu," akasema. "Na mimi mikono inatetemeka. Haya matobo ya kichwa cha waya ni madogo kama jicho la sindano. Wewe una mikono ya kibatari."

Akanichorea mpango wote juu ya boksi la balbu, rangi ipi iingie tobo lipi. Akanipa pia koili ya risasi nyembamba, yenye dawa yake ndani, ulimbo usiodhuru shaba.

"Tumia hii, Maalim. Usitumie asidi."

"Hiyo ya wavivu," nikamjibu. "Mimi ni mtoto wa fundi bati."

"Haya, mtoto wa fundi bati," akasema, akacheka. Nami nikacheka. Siku hizi nikikikumbuka kicheko kile nasaga meno.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mjane wa Mlingotini aliyegeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa chumba cha gemu. Ana mashine nne za zamani na TV nne za chogo. Wanaokuja kucheza ni wavuvi, watu wazima wenye ndevu, wakishauza samaki asubuhi. Alikuja kwangu akilalamika.

"Maalim, hawa wanaume zangu watauana. Huyu anasema mpira umeingia, yule anasema haujaingia, wananiita mimi niamue. Natazama, sioni mpira, sioni goli. Naona uji."

Nikamtengenezea nyaya nne kwa waya niliounua pale dukani. Nilikaa na unyoya wangu na maji yangu makali siku nyingi, kila kiungo nikakilehemu kama kibatari cha harusi, nikafunga vichwa kwa plastiki na kukaza kwa utepe. Siku ya kuzipeleka alinikaribisha ndani nishuhudie. Majani ya uwanja yakawa majani. Namba za migongoni zikasomeka. Mvuvi mmoja akasema kwa mshangao, "Kumbe huyu ana masharubu! Miaka yote nacheza naye!" Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo. Namshukuru Mungu kwa siku ile, ingawa nadhani ndiyo siku kiburi kilipoingia.

Masika yakaja. Mvua zilipokaza, na unyevu wa bahari ukaingia hata kwenye chumvi ya jikoni, yule mama alifika kwangu na mfuko.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mama. Habari za Mlingotini?"

"Nzuri. Nimekuletea maiti zako."

Akamwaga nyaya nne miguuni pangu.

"Kwanza iliondoka nyekundu," akasema. "Wachezaji wote wakawa rangi ya mchicha. Wavuvi wangu wamegoma, wanasema hawachezi na majini. Uliniambia zitadumu kuliko mimi. Ulikuwa umejua nakufa mwezi huu?"

Nilifungua kichwa cha waya mmoja. Ndani palijaa unga wa kijani, na viungo vilikatika kwa kuguswa. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Na aibu, nimeigundua uzeeni, haikai mahali ilipozaliwa. Inatafuta mtu mwingine wa kumwangukia.

Nilikuwa nimesikia habari za waya wa kudanganya, chuma kilichopakwa shaba juu. Basi sikutafuta zaidi. Nilikwenda kusali alasiri nikiwa nayo hasira hiyo kifuani, nikasujudu nayo, nikatoka nayo. Barazani mmoja akaniuliza, "Maalim, mbona uso umekunjika?" Nikajibu kwa sauti ya kufundishia:

"Yule mtu wa dukani ananiuzia chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Mkitaka nyumba zenu ziungue, endeleeni kununua kwake."

Hayo tu. Sijui hata kwa nini niliingiza moto wa nyumba. Mimi nilikuwa nasema habari ya nyaya za gemu. Lakini maneno yalipokwisha kutoka niliona namna yalivyoshika, kama risasi inavyoshika mahali palipopakwa asidi.

Habari ilifika dukani kabla mimi sijafika nyumbani, maana nilikuwa bado niko pale pale alipokuja mwenyewe. Hakupanda barazani. Alisimama chini, mkono mmoja una bunda la waya, mwingine una sumaku.

"Shikamoo, Maalim. Shikamooni, wazee. Nimesikia," akasema. "Bunda ni lile lile nililokukatia wewe. Chuma kinashika sumaku, shaba haishiki. Jaribu mwenyewe, mbele ya wazee."

Alininyooshea sumaku. Wote wakanitazama.

"Sina haja ya kujaribu," nikamwambia. "Nimeona kwa macho yangu."

Akaishusha sumaku, akaondoka. Hakuna aliyemjibu shikamoo yake. Hata mimi sikumjibu.

Duka likanyamaza. Watu waliokuwa wakinunua balbu hapo kwa miaka wakawa wanapanda gari kwenda kununua mbali. Jirani yangu, mtu mwenye pupa ya kila kitu, aling'oa nyaya za nyumba nzima alizonunua dukani hapo, nyaya zisizo na kosa, akaweka nyingine. Mimi niliyaona hayo yote nikajiona nimeokoa watu.

Aliyenizindua ni mke wangu. Nilikuwa uani nazikata zile maiti nipate vichwa vyake, yeye ameketi karibu anachagua mchele. Akaokota kipande.

"Huku mwishoni kijani," akasema. "Na huku katikati?"

"Katikati safi."

"Na mwisho wa pili?"

"Kijani."

"Ahaa. Kwa hiyo tapeli wako kaweka shaba katikati, chuma miishoni, tena kapima sawasawa na mahali utakapokuja kukata wewe. Huyo si mtu wa Lugoba, huyo ni malaika."

Nikakata kipande kingine. Kilikuwa vivyo hivyo.

"Ndoo yako iko wapi?" akauliza.

"Ndoo gani?"

"Ya vibatari. Mimi nimeolewa katika nyumba hii nikachota maji mpaka viganja vikaota sugu. Kila kibatari, ndoo. Baba mkwe hakusamehe hata kimoja."

"Ile ilikuwa ya kutazama kama kinavuja. Waya hauna mafuta ya taa, utavuja nini?"

"Haya. Na kile kilichosahauliwa, ambacho hakikuzamishwa, kilikuwa kinakuwaje?"

Akarudi kwenye mchele wake, kwa sababu alijua nimeshaona. Nilivikumbuka vile vya rafuni, vilivyokosa ndoo siku za kazi nyingi. Pale kwenye shingo ya shaba ya kushikia utambi paliota ukijani, na baada ya muda mshono ukabanduka. Watu wazima waliokuwa wakifanya kazi hiyo hawakunieleza kwamba ndoo ile inatafuta uvujaji na pia inaosha asidi. Labda hawakujua wenyewe. Ilikuwa ni desturi, inafanywa kwa sababu inafanywa. Nami nilipoingia kwenye nyaya nikachukua moto, nikachukua unyoya, nikachukua asidi, ndoo nikaiacha nikidhani nina akili. Nikaifungia asidi ndani ya plastiki, nikaikaza kwa utepe vizuri kabisa isitoke. Unyevu wa masika ukaiamsha, ikala shaba nzuri niliyouziwa na mtu mwaminifu, aliyenionya kwa mdomo wake.

Nimefundisha watoto kwa miaka kwamba kosa lililo baina yako na Mola wako unaweza kulitubia ukiwa peke yako kwenye mswala, lakini haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe aridhike. Nilikuwa nalisema hilo kwa wepesi. Watoto waliitikia kwa pamoja, nami nikageuza ukurasa.

Sikungoja adhuhuri. Nilimkuta dukani peke yake, anapangusa vumbi kwenye swichi ambazo hazijaguswa na mtu. Nilimweleza yote, unyoya, asidi, ndoo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Nimekusamehe, Maalim," akasema. "Na mimi dini yangu inaniagiza hivyo. Lakini ulinivua nguo barazani. Huwezi kunivika hapa, tukiwa wawili."

"Nitasema pale pale."

"Sema. Ila ujue mke wangu ameshafunga masanduku. Kaka zake wanatungoja Lugoba mwisho wa mwezi."

Nikasema pale pale, baada ya alasiri, watu wale wale wamekaa. Nilieleza kama ninavyoeleza hapa, sikujificha popote. Nilipomaliza, mmoja akasema, "Maalim ana moyo mweupe, masha Allah." Mwingine akauliza, "Kakuomba wewe umsafishe?" Nikasema hapana. "Wana maneno matamu hao," akasema. Wa tatu, mtu ambaye nilimfundisha mimi kusoma, akatikisa kichwa: "Lakini panapofuka moshi, Maalim, hapakosi moto."

"Moto ni mimi!" nikamwambia. "Na moshi ni mimi!"

"Tumekuelewa, Maalim, tumekuelewa," wakasema, kwa ile sauti ya kumtuliza mgonjwa anywe dawa.

Yule jirani aliyeng'oa nyaya ndiye pekee aliyesema la kweli bila kukusudia. "Kwa hiyo mimi nyumba yangu nimeifumua bure?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, umeifumua bure. Akaangalia pembeni. "Haiwezekani," akasema. Hapo nikaelewa. Akikubali kwamba mwenye duka ni mwaminifu, lazima akubali kwamba yeye ni mjinga, na kati ya hayo mawili ameona afadhali mwenzake awe mwizi.

Hilo ndilo linalonichoma. Uongo wangu haukuulizwa shahidi hata mmoja. Hakuna aliyesema, "Maalim, pokea ile sumaku." Kanzu yangu ilitosha kuwa ushahidi, na ubara wa yule mwingine ulitosha kuwa kosa. Lakini ukweli, nilipouleta kwa mikono miwili, wanataka nile kiapo. Mara ya pili niliwaambia wamekula nyama ya mwenzao, na mimi ndiye niliyewapikia. Mara ya tatu nilipaza sauti mpaka wapita njia wakasimama. Haikusaidia kitu. Walisema Maalim amerogwa na mtu wa Lugoba.

Basi nikaacha kusema. Nilichukua kigoda changu, chuma changu cha kulehemia na koili ile nyembamba ya wavivu, nikaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka lake, kando ya mlango, mahali ambapo kila anayekwenda sokoni lazima anione. Nakaa hapo toka asubuhi mpaka adhuhuri, kila siku. Nakata waya kutoka kwenye bunda lake. Nimeifunga sumaku yake kwa uzi, inaning'inia mlangoni, anayetaka ajaribu. Nyaya za Mlingotini nilizifanya upya zote nne, bila asidi, na sikupokea kitu.

Yule mama alipokuja kuzichukua alinikuta hapo, nikamweleza kisa chote. Akapiga makofi.

"Kumbe muuaji ni wewe!" Akageukia barabara, na sauti yake si ya chumbani. "Jamani! Huyu mzee ndiye aliyeziua nyaya zangu, akamsingizia mtu wa watu! Tena mnamwita Maalim!"

Wauza samaki walicheka. Mwendesha bodaboda mmoja akasimama kuuliza kuna nini, akasimuliwa tangu mwanzo, na mama akaongeza mengine ambayo hayakuwapo. Nilikaa pale nimeinama, uso unaungua. Lakini nakiri kwamba dakika zile tano zilimvika yule mtu nguo kuliko baraza zangu tatu.

Mwisho wa mwezi ulifika na ukapita. Masanduku bado yako nyuma ya duka, yamefungwa kamba. Sijauliza.

Juzi alikuja yule jirani aliyefumua nyumba. Alinipa salamu, nikamwitikia, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, kisha nikamwonyesha kwa kidole: "Mwenye duka ni huyo." Akamsalimu kwa taabu, kama mtu anayetema mbegu. Alitaka balbu. Akapewa, akaichomeka kwenye soketi ya majaribio, ikawaka. Akaichomoa, akaichomeka tena, ikawaka. Akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio, akaichomeka mara ya tatu.

Miaka yote, katika duka lile, hakuna mtu aliyejaribu balbu zaidi ya mara moja. Wengine hawakujaribu kabisa, walitia mfukoni wakaenda zao. Nilimtazama akiichomeka mara ya nne, damu ikanipanda, nikainuka kwenye kigoda na kumshika mkono.

"Inawaka," nikamwambia. "Huoni inawaka?"

Mwenye duka akaondoa mkono wangu taratibu.

"Mwache ajaribu, Maalim," akasema. "Wewe nilikupa ujaribu, ukakataa."

Nikarudi kukaa. Jirani akajaribu mara ya tano, kisha akainunua.